Jina Lisilotiwa Alama

Inspekta Boga aliisoma karatasi ile mara ya tano, na mara ya tano haikumwambia kitu kipya. Ilikuwa na majina ishirini na mawili ya kompyuta, safu moja ndefu, na kila jina limetiwa alama ya vema pembeni. Ndani ya bahasha ya ushahidi mlikuwa na karatasi hiyo, diski moja nyeusi ya plastiki, nakala iliyochapwa ya kumbukumbu zilizomo ndani ya diski, na barua ya kuacha kazi. Mwenye vitu hivyo, Rosalia Nekesa, alikuwa selo. Kesho Ijumaa saa tatu asubuhi angesimamishwa kizimbani Mombasa kwa kosa la kuharibu chanjo za watoto, masanduku arobaini.

Boga hakuipenda kesi hii. Haikuwa na damu, wala mlango uliovunjwa, wala mtu aliyekimbia. Miaka ishirini na mitatu ya upelelezi, kutoka Kisauni mpaka Likoni kwao, alizoea kumkalisha mtu, akamuuliza, akadanganywa, na ule uongo ndio ukamwonyesha njia. Kompyuta utaiuliza nini? Mwaka huo wa 1998 kituo kizima cha Changamwe kilikuwa na taipureta mbili, na moja ilikuwa haiandiki herufi ya "m".

"Mlete," alimwambia konstebo.

Rosalia aliingia akiburuta viatu, maana kamba zake zilichukuliwa selo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mtu wa Bungoma, fundi wa kompyuta katika kampuni ya ghala ya Sheikhan na Wanawe, miezi tisa kazini. Boga akamsogezea kikombe chake mwenyewe cha chai.

"Nieleze tena. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua hata pa kuwashia."

"Nimeeleza mara tatu, Inspekta."

"Mara tatu ulimweleza sajini aliyekwisha kukuhukumu. Mimi bado."

Rosalia alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. "Kila kompyuta pale ilikuwa inajifanyia kazi peke yake. Kampuni ikataka zote ziwe chini ya seva moja. Hiyo ndiyo inaitwa domeni. Ichukue kama nyumba. Seva ndiyo mwenye nyumba. Kompyuta ikijiunga, seva inaipa neno la siri. Kila asubuhi ikiwashwa inabisha mlango, inataja jina lake na lile neno, inafunguliwa. Neno lenyewe hata mimi silijui. Ni lao wawili."

"Na diski?"

"Kuunganisha mashine moja kwa mkono ni nusu saa, na mimi niko peke yangu. Kwa hivyo nikaandika faili la amri, mistari kama thelathini. Mtu anatia diski, anaandika neno moja, JIUNGE. Skrini nyeusi inamuuliza kwa Kiswahili: Mashine hii inaitwaje? Akiandika jina lililo kwenye orodha, amri zinamaliza kazi zenyewe. Akiandika lingine, inamjibu: Jina hili halimo. Akishamaliza, anatia alama kwenye karatasi, anampelekea jirani. Ijumaa iliyopita vilizunguka hivyo, meza kwa meza, tangu asubuhi."

"Kwa nini usizungushe mwenyewe?"

"Nilidhani watafurahi kufanya kwa mikono yao. Na nilidhani watakuja kuniuliza maswali." Akakizungusha kikombe. "Hawakuja."

Boga akaichukua ile nakala ya kumbukumbu. Kila mashine iliyojiunga, diski iliandika jina na saa. "Jina BARIDI, yaani kompyuta ya chumba cha baridi, limo mara mbili. Saa mbili na dakika tano asubuhi. Tena saa kumi kasoro dakika kumi na tatu, alasiri. Nani?"

"Ya asubuhi ni mimi. Nilianza na hiyo ili kujaribu. Ya alasiri sijui."

"Jina likijiunga mara mbili kunatokea nini?"

"Seva inadhani ni mashine ileile imerudi, inaipa neno jipya. Lakini kama iliyorudi ni mashine nyingine, ile ya kwanza imefungiwa nje. Itabisha mpaka kesho."

Na ndivyo ilivyokuwa. Chanjo zilifika Jumatatu asubuhi zikiwa kwenye barafu. Karani wa chumba cha baridi akawasha mashine yake, ikamkataa. Kampuni ilikuwa na amri kwamba hakuna kinachoingia chumba cha baridi bila karatasi iliyotoka kwenye mashine, basi masanduku yakabaki mlangoni, watu wakisubiri karatasi. Kufikia Jumanne jioni barafu ilikuwa maji.

"Wewe ungeweza kuitengeneza Jumatatu ileile," Boga alisema.

"Kwa dakika kumi. Nilizuiwa getini. Meneja alikuwa amesoma barua yangu, akaamuru nisiingie."

"Barua yenyewe ni ya Ijumaa, siku ileile mashine ilipoharibiwa. Hakimu ataipenda sana."

"Haihusiani."

"Mwanangu, kila kitu kinahusiana mpaka nikione hakihusiani."

Rosalia akakitua kikombe. "Jioni ile seva ilinionyesha mashine zote zimeingia. Kuna amri moja, unaandika maneno yako na yanatokea kwenye skrini zote kwa pamoja. Saa kumi na dakika kumi nikaandika: Karibuni nyote, sasa tu nyumba moja. Nikaacha mlango wa ofisi wazi, nikangoja. Mashine ishirini na mbili, Inspekta. Hapakuwa na simu. Hapakuwa na mtu wa kupita hata kunitania. Miezi tisa nilikula chakula cha mchana peke yangu na nikavumilia. Siku hiyo ilinishinda. Saa kumi na moja nikaandika barua."

Boga hakuliandika hilo. Alimjua mtu mwingine anayekula peke yake, huko Likoni, sahani moja na kijiko kimoja, tangu mkewe Mwanarehema afariki. Hakuona sababu ya kumtia mtu huyo kwenye jalada.

"Hili jina la BARIDI," aliuliza badala yake, "alama yake uliitia wewe?"

Rosalia akafikiri. "Hapana. Hiyo niliifanya kabla sijachapa karatasi. Nilisahau kuitia alama."

Boga akaisogeza karatasi dirishani. Alama ishirini na moja zilikuwa za kalamu ya wino, nyeusi na buluu. Ya BARIDI ilikuwepo, sawa na nyingine, lakini ilikuwa ya penseli ya zambarau, imekandamizwa mpaka karatasi imebonyea.

Erastus Kilonzo, meneja wa ghala, alimpokea Boga mlangoni mwa ghala na kumpa mkono kabla hajaulizwa hali.

"Inspekta, hii kesi iko wazi. Msichana amekasirika, ameandika barua, ameharibu mashine, ameenda. Diski ni yake, amri ni zake. Unatafuta nini tena?"

"Aliyetia alama."

"Alama gani?"

"Na hii amri ya karatasi ya mashine," Boga alisema, "ni ya nani?"

Erastus akarekebisha tai. "Ni utaratibu wa kampuni."

"Uliowekwa na nani?"

"Na mimi."

"Ahsante," Boga alisema, akaiandika kwa mwandiko mkubwa kuliko ilivyohitajika.

Chumba cha baridi kilikuwa na kiofisi mbele yake, na ndani ya kiofisi alikaa Faki, kijana mnene mwenye kofia safi na macho yasiyotulia. Kompyuta yake ilikuwa mezani, imezimwa, imefunikwa kitambaa. Boga alikaa bila kukaribishwa.

"Ijumaa ulifunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, bwana mkubwa. Kama kawaida."

"Ulikuwa umekaa hapo ulipo?"

"Hapa hapa."

"Saa kumi kasoro dakika kumi na tatu, diski ilitiwa kwenye mashine, na ikaandika BARIDI. Basi mtu aliingia, akakupitishia mkono kifuani, akatia diski, akachapa, akaiwasha tena upya, na wewe hukumwona. Ulikuwa umelala au ulikuwa umekufa?"

Faki akatazama mlango, kisha sakafu. Boga alimwachia muda. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa amefika mwisho wake kwa hatua moja.

"Sikurudi," Faki alisema. "Baada ya swala nilikwenda Mikindani. Kuna mambo ya posa. Meneja akijua nimekosekana Ijumaa, nimekwisha."

"Mashine uliiacha ikiwaka?"

"Niliizima saa sita, nikafunga mlango. Ufunguo ni mmoja, huu hapa, haukutoka mfukoni mwangu. Wallahi."

"Wallahi ya kwanza au ya pili?"

"Ya kweli, bwana."

Boga aliamini, si kwa sababu ya kiapo, bali kwa sababu ya posa. Mtu hatungi uongo utakaomfukuzisha kazi. Na kama ni kweli, basi alasiri ile chumba hiki kilikuwa kimefungwa na mashine yake imezimwa. Jina la BARIDI liliandikwa kwenye kompyuta nyingine. Lakini zile nyingine ishirini na moja zilikuwa zimekwisha kujiunga kwa majina yake, na mpaka leo zinafanya kazi.

"Nani alizipokea hizi kompyuta zilipoletwa?"

"Mimi. Nilitia sahihi masanduku ishirini na matatu."

"Orodha ina ishirini na mbili."

Faki akainua mabega. Hilo halikuwa lake.

Boga alitoka nje akasimama kivulini. Mvua ya Juni ilikuwa imekatika, na lori la mahindi lilikuwa likisubiri getini kwenda Miritini. Utingo alimkabidhi askari wa geti tikiti ya uzito. Boga akaiona kwa mbali, akaisogelea, akaiomba. Tarakimu zilikuwa kubwa, za mwandiko wa kizamani, zimekandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Zote zilikuwa za zambarau.

"Tikiti hii anaandika nani?"

"Mzee Nassor, wa mizani," askari alisema. "Kule mwisho wa ua."

"Ni mtu wa namna gani?"

Askari akafikiri kwa bidii. "Ni mzee wa mizani," alisema.

Kufika mizani ilimbidi Boga apite makontena matupu mpaka karibu na reli, pale ambapo hata paka wa ghala hawakufika. Palikuwa na bamba la chuma ardhini, na kando yake kibanda cha dirisha moja. Lori moja lilipanda juu ya bamba. Dereva hakushuka. Alinyoosha mkono, akapewa tikiti, akaondoka. Yote yalichukua chini ya dakika mbili, na halikusemwa hata neno moja.

"Shikamoo, mzee," Boga alisema mlangoni.

"Marahaba." Mzee Nassor aliinuka haraka, kama mtu aliyeshikwa hajajitayarisha. Alikuwa mtu wa Jomvu Kuu, mwembamba, miaka sitini hivi, miwani imefungwa uzi. "Karibu, karibu ndani. Keti."

Kiti cha wageni kilikuwa bado kimevaa nailoni ya dukani. Boga akaketi, nailoni ikalia.

"Miaka mingapi hapa, mzee?"

"Kumi na minne. Kiti hicho nalipewa mwaka wa kwanza."

Kwenye meza ya pembeni, kando ya betri kubwa za kuendeshea mizani umeme ukikatika, palikuwa na kompyuta ya ishirini na tatu. Ilikuwa inawaka. Waya wake ulipanda ukutani mpaka kwenye tundu jipya. Katikati ya skrini palikuwa na kisanduku kidogo cha maneno, na Boga, asiyejua kompyuta, aliyajua maneno yenyewe kabla hajayasoma. Karibuni nyote, sasa tu nyumba moja. Juu yake mashine ilikuwa imeandika ulikotoka ujumbe na ulikokwenda: kutoka SEVA, kwenda BARIDI. Ijumaa, saa kumi na dakika kumi.

Aliyanakili yote kwenye daftari, herufi kwa herufi. Kisha akauliza.

"Diski ilikufikaje?"

Mzee hakujaribu kuficha. Ilionekana alikuwa akingoja mtu aulize, hata kama ni polisi. "Karani wa geti alimpa dereva aipeleke ofisi kubwa. Dereva akaichanganya na karatasi za lori, akaniachia mimi. Na karatasi ya majina pamoja nayo. Mafundi walivuta waya mpaka hapa, mashine ikaletwa, kisha nikaambiwa na meneja, mzee wewe endelea na vitabu. Nikasema haya. Ijumaa nikaiona ile karatasi, majina ya kila mtu. Geti limo. Jiko limo. Mimi nimerukwa."

"Ukatia diski."

"Nikaitia. Mwenye kuiandika ameandika kwa lugha ya watu, haina taabu. Nikaandika MIZANI. Ikanambia, Jina hili halimo. Nikasema labda nimekosea kugonga, nikaandika tena. Halimo. Mara tatu." Alivua miwani akaifuta kwa kanzu. "Hapo nikatazama karatasi vizuri. Majina ishirini na moja yametiwa alama, moja bado. Nikapiga simu huko chumba cha baridi. Hapana wa kuipokea. Nikasema, huyu hakuja."

"Ukachukua jina lake."

"Nalichukua nafasi, mwanangu, si jina. Wewe ni mtu wa pwani, wajua. Sinia ni la watu wanne. Wakiwa watatu, na mtu yuko mlangoni, ataambiwa keti ujalize. Nafasi haiachwi chakula kikapoa. Nikakaa hapo. Nikatia alama, diski nikaipeleka kwa miguu yangu, nikaiweka juu ya kaunta ya ofisi kubwa. Hapana aliyeniuliza."

Boga alilijua sinia hilo. Alilelewa nalo. Kama angekuwa yeye, mbele ya karatasi ile, Ijumaa ile, hakuwa na hakika angefanya vingine. Mtu wa bara angeona jina la mwenzake. Mzee wa Jomvu aliona pengo.

"Na huu ujumbe? Mbona bado uko kwenye skrini?"

"Kuna mahali hapo chini pa kugusa, uondoke. Sikugusa. Betri zaiweka hai." Mzee akaangalia mikono yake. "Ukiondoka, watarudi lini tena kuniambia karibu?"

Boga alifunga daftari. Sehemu hii ya kazi alikuwa akiichukia tangu siku ya kwanza, na haikuwa imepungua.

"Mzee Nassor, umesikia habari za chanjo?"

"Chanjo gani?"

"Zilizoharibika Jumanne."

"Madereva hawashuki, mwanangu. Habari nazo hazishuki."

Basi akamweleza, polepole, bila kupunguza. Kwamba jina ni la mashine moja tu. Kwamba alipokaa yeye, mwenye jina alifungiwa nje. Masanduku arobaini. Na msichana aliyeiandika ile diski, yumo selo tangu jana, kesho kizimbani, kwa alama ya penseli ya zambarau.

Lori lilipiga honi nje, na kwa mara ya kwanza labda katika miaka kumi na minne, mzee wa mizani hakugeuka.

"Mtoto wa watu yumo ndani kwa ajili yangu," alisema.

"Ndiyo."

Akainuka, akachukua kofia msumarini, akaivaa sawa. "Twende. Nitasema mbele ya yeyote."

"Kazi itakutoka, mzee. Hilo sina uwezo nalo."

"Kazi hii," Mzee Nassor alisema, akizungusha macho kibandani kote, "mtu haulizi nani aifanya. Twende."

Boga alimweka mlangoni konstebo aliyekuja naye na kumwambia asiguse kitu, wala meneja asiguse, wala yeyote asiizime mashine ile. Ni ushahidi, alisema. Konstebo hakuuliza mpaka lini.

Kituoni, maelezo yalijaza kurasa tatu. Boga aliyachapa mwenyewe kwa taipureta nzima. Aliandika kwamba nia ya kuharibu hakuiona, si kwa msichana, si kwa mzee. Na kwamba masanduku yalisimama mlangoni siku mbili, hatua nne kutoka kwenye baridi, kwa amri ya meneja Erastus Kilonzo. Mkuu wa kituo alisoma, akasoma tena, akapiga muhuri. Kesho kizimbani hapakuwa na wa kwenda.

Rosalia alitoka selo akishika kamba za viatu mkononi. Kwenye benchi la ukumbini alikaa mzee mmoja aliyeshika kofia yake magotini.

"Ni nani?" aliuliza. "Nataka nimwone. Nimelala sakafuni kwa ajili yake, nimeitwa muuaji wa watoto. Ni nani?"

Boga alimwonyesha kwa kidevu.

Rosalia alimwendea mzee kwa hatua za kasi, viatu vikipiga sakafu, na Boga akaona maneno ya siku nzima yamemjaa mdomoni. Mzee Nassor akainuka kwa heshima, yeye mkubwa mbele ya yule mdogo.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Niliketi mahali si pangu. Salamu zako nilizipata."

Rosalia akasimama.

"Zile za Ijumaa," mzee alisema. "Karibuni nyote. Nimezisoma kila asubuhi. Nalitaka kujibu siku ileile, wallahi. Sikujua kunajibiwaje."

Mlango wa kituo ulikuwa wazi, na nje jua la alasiri lilikuwa likikausha barabara. Hakuna aliyemzuia. Rosalia aliutazama mlango, akamtazama mzee, kisha akaketi kwenye benchi na kuanza kutia kamba viatu vyake, tundu moja baada ya jingine.

"Unaandika kwanza amri ya kutuma," alimwambia bila kuinua kichwa. "Halafu jina la unayemjibu. Halafu maneno yako."

Mzee Nassor akaketi kando yake, akatoa penseli mfukoni, na kumwomba Inspekta karatasi.